Kuhamisha tovuti ya biashara: hosti ipi ununue, ipi uiache

Hosti ni kampuni inayotunza tovuti yako kwenye kompyuta zake (seva). Hapa tunazungumzia tovuti ya kawaida ya biashara ndogo: iliyojengwa kwa WordPress, faili na kanzidata GB 2 hadi 5, masanduku matano hadi kumi ya barua pepe, kikoa (anwani ya tovuti) cha .co.tz, .co.ke au .com. Kwa tovuti ya namna hiyo, kasi ya seva isikushughulishe sana mwanzoni. Tazama kwanza nani atafanya kazi ya kuhamisha, kisha bei ya mwaka wa pili. Matangazo huonyesha bei ya mwaka wa kwanza tu. Bei ya kulipia upya imejificha chini ya ukurasa kwa herufi ndogo, na mara nyingi ni maradufu au zaidi. Piga hesabu ya miaka 3 pamoja na VAT ndipo ulinganishe.

Na kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha kikoa ni chako. Fundi aliyekutengenezea tovuti huenda alikisajili kwa jina lake na barua pepe yake. Angalia WHOIS, yaani daftari la umma la vikoa, na kama jina si lako, malizana naye sasa wakati bado mnaelewana. Kuhama hosti hakulazimishi kuhamisha kikoa: kinaweza kubaki kwa msajili yule yule, ukabadilisha tu rekodi za DNS, zinazoelekeza kikoa kwenye seva. Wauzaji wengi hawalisemi hilo, maana wanataka na ada ya kikoa.

1. Seva ya pamoja yenye cPanel, kampuni ya hapa nyumbani

Hili ndilo chaguo letu la kwanza kwa wengi. cPanel ni paneli ya kusimamia tovuti na barua pepe kupitia kivinjari. Unalipa kwa simu, kuna namba ya kupiga mambo yakiharibika, na kama hosti yako ya sasa nayo inatumia cPanel, uhamisho ni faili moja: bakapu kamili ya akaunti, yenye tovuti, kanzidata, barua pepe na kroni (kazi zinazojiendesha kwa ratiba) zote ndani. Mteja hawezi kuirudisha mwenyewe kwenye seva mpya, kazi hiyo hufanywa na mwenye seva. Kwa hiyo muulize kabla ya kulipa: “Mnahamisha bure? Na barua pepe zimo, au faili na kanzidata tu?” Jibu la swali la pili ndilo litakalokusaidia kuchagua.

Uliza pia idadi ya inode. Kifurushi kinaweza kuandikwa “nafasi isiyo na kikomo” huku kikiruhusu inode 100,000 pekee. Kila faili ni inode moja, na kila barua pepe iliyo kwenye seva nayo ni moja. Sanduku la mhasibu lenye barua 40,000 limekula karibu nusu ya kifurushi kabla tovuti haijapakiwa.

Seva ya pamoja ni nyumba ya kupanga yenye tangi moja la maji; mpangaji mmoja akifungulia bomba, wengine wanakosa. Kampuni zinazotumia mfumo wa CloudLinux humwekea kila mpangaji mita yake, na tovuti ikizidisha kipimo chake hutoa kosa la 508. Afadhali hivyo kuliko kuathiriwa na jirani usiyemjua.

“Kampuni ya hapa” haina maana kwamba seva iko hapa. Nyingi huuza nafasi kwenye seva za Ulaya au Marekani. Pima kwa amri ya ping (muda wa ujumbe kwenda na kurudi) ukiwa Dar au Nairobi: chini ya milisekunde 30, seva iko ukanda huu, 150 na kuendelea, iko ng’ambo. Si dosari peke yake, ila kumbuka Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika: tovuti zilizokuwa kwenye seva za ndani ziliendelea kufunguka kwa wateja wa ndani, za nje zikasuasua. Zahanati, SACCOS na shule wana sababu ya ziada ya kuuliza seva ilipo: sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinaweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya nchi.

2. Seva ya pamoja ya kampuni kubwa ya nje

Teknolojia nzuri, mwaka wa kwanza rahisi, kisha bei inapanda. Malipo kwa kawaida ni ya kadi. Kadi za mtandaoni kama M-Pesa GlobalPay zinafanya kazi, lakini siku ya kulipia upya salio lisipotosha, malipo yanagoma na tovuti inazimwa. Weka kikumbusho wiki mbili kabla. Baadhi ya kampuni hizi zina paneli zao zisizo cPanel, hivyo ile bakapu ya faili moja haitakusaidia. Utahamisha kipande kwa kipande, na barua pepe huachwa kwako.

3. Hosti maalumu za WordPress

Kinsta na WP Engine ndizo mfano. Ni haraka, bakapu ni za kila siku, na husaidia kuhamisha tovuti. Ila hawatoi masanduku ya barua pepe, kwa hiyo utalipia Google Workspace au Zoho pembeni. Duka la mtandaoni lenye oda kila siku lina haki ya gharama hiyo. Tovuti ya kurasa sita haina.

4. VPS

Ni sehemu ya seva iliyo yako peke yako, unayoisimamia mwenyewe. Nunua kama una mtu anayejua Linux na atapatikana usiku. Kwa nguvu unazopata, bei ni ndogo kuliko zote hapa, lakini kusasisha mfumo, ukuta wa moto na bakapu ni juu yako. Usipange kutuma barua pepe kutoka humo: DigitalOcean na Hetzner hufunga port 25, mlango wa kutumia barua pepe, kwa wateja wapya. Ukitaka cPanel juu yake, leseni yake tangu 2019 inatozwa kwa idadi ya akaunti na inaweza kuzidi bei ya VPS yenyewe. Paneli ya DirectAdmin ni nafuu, na inaweza kusoma bakapu za cPanel.

5. Wix na wenzake

Hizi ni huduma za kujitengenezea tovuti, hosti ikiwa ndani yake. Kuingia ni rahisi. Kutoka, unaanza upya: tovuti ya Wix haiwezi kuchukuliwa nzima na kuwekwa kwenye seva nyingine. Kama unasoma haya kwa sababu ya kuhama, unaona kwa nini tumeiweka mwisho.

Siku ya kuhama

Saa 24 hadi 48 kabla, shusha TTL ya rekodi za DNS (sekunde ambazo rekodi hukumbukwa) hadi 300. Ikiachwa 14400, baadhi ya wateja wataendelea kuona seva ya zamani kwa saa nne baada ya mabadiliko. Piga picha ya kila rekodi iliyopo: A (ya tovuti), MX (ya barua pepe), TXT, CNAME. Kama DNSSEC (sahihi ya usalama ya DNS) imewashwa, izime kwa msajili na usubiri siku moja au mbili, kwani rekodi yake ya DS ya zamani ikibaki baada ya kubadili seva za majina (zinazotunza rekodi za DNS), kikoa kizima hakifunguki kwa watumiaji wengi.

Pakia faili na kanzidata kwenye seva mpya, kisha ijaribu kabla dunia haijaiona. Kwenye Windows fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts kwa Notepad ya msimamizi, ongeza mstari mmoja wa IP ya seva mpya ikifuatiwa na kikoa chako:

203.0.113.10 mfano.co.tz www.mfano.co.tz

Kompyuta yako pekee ndiyo itakayoona tovuti mpya. Bonyeza kila fomu, ingia wp-admin (ukurasa wa msimamizi), jaribu kununua kitu. Ukimaliza, futa mstari huo, la sivyo utadhani tovuti iko sawa wakati wateja wanaona kitu kingine.

Makosa ya hatua hii yanajulikana. Ukurasa mweupe mara nyingi ni plagini (programu jalizi) ya zamani kwenye PHP 8, lugha inayoendesha WordPress; rudisha 7.4 kwa muda, sasisha plagini, kisha panda tena, maana 7.4 haijapata marekebisho ya usalama tangu Novemba 2022. “Unknown collation: utf8mb4_0900_ai_ci” inatokea kanzidata inapotoka MySQL 8 kwenda MariaDB ya zamani: fungua faili la .sql na badilisha neno hilo kote kuwa utf8mb4_unicode_ci. “Error establishing a database connection” ni jina la kanzidata, mtumiaji au nywila ndani ya wp-config.php, cPanel huongeza jina la akaunti mbele ya vyote viwili vya kwanza, na watu hulisahau.

Barua pepe ndiyo inayoumiza zaidi. Ukibadilisha seva za majina badala ya rekodi ya A tu, DNS mpya haina rekodi zako za zamani, na kama MX ya Google au Zoho haikunakiliwa, barua za wateja zinaingia kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Kama barua ziko kwenye hosti yenyewe, tengeneza masanduku mapya kwa majina yale yale, nakili barua kwa programu ya imapsync, badili DNS, kisha endesha imapsync mara ya pili baada ya siku mbili kuokota zilizochelewa. Rekebisha SPF (rekodi ya seva zinazoruhusiwa kutuma barua zako) iwe na IP mpya, na iwe rekodi moja tu. Zikiwa mbili, ukaguzi unafeli. Weka DKIM (sahihi ya kidijitali ya barua) mpya pia. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza masharti haya.

Cheti cha SSL cha bure kwa kawaida hakitolewi hadi DNS ielekee seva mpya, kwa hiyo tarajia onyo la kivinjari kwa dakika kadhaa, au nakili cheti cha zamani mapema. Duka la mtandaoni lifungwe oda kwa saa hizo. Oda ikiingia kwenye kanzidata ya zamani baada ya kunakiliwa, haitafika mpya.

Akaunti ya zamani iache hai siku 30. Siku ya kuifuta, ingia humo uone kama kikoa, au seva zake za majina (NS1 na NS2), bado viko chini ya akaunti hiyo.