Genge la jabalini, Kitangiri: nyota nne, na ile moja nimeibana

Genge hili halina jina wala kibao. Shuka Kitangiri, hapa Mwanza, uliza genge la jabalini, hata mtoto atakuonyesha. Limeegemea jiwe refu kuliko nyumba, na bei zote zimeandikwa kwa chaki juu ya jiwe lenyewe. Nyanya fungu 500. Mchicha 300. Sembe kilo 1,600. Mvua ikinyesha bei zinafutika, na mama mwenye genge akishaziandika upya, mara sembe imepanda mia. Nimemwambia mara nyingi kwamba yeye na mvua wamekula njama. Hucheka tu, akaendelea kupanga vitunguu.

Mimi ni mteja wake tangu Januari 2024, wiki ileile tuliyohamia kutoka Kisumu. Mume wangu ni fundi wa majokofu, alipata kazi kwenye kiwanda cha samaki, nasi tukamfuata kwa basi kupitia mpaka wa Sirari: mimi, watoto watatu, magodoro mawili na sufuria zilizofungwa ndani ya shuka. Hapa mtaani naitwa Mama Kenya. Kila mwezi hakosi ndugu wa Kisumu au Migori wa kunipigia akiuliza maisha huku yanagharimu kiasi gani, kwa kuwa naye anawaza kuvuka. Nimechoka kujibu mmoja mmoja. Majibu ni haya, na nimeyaweka humu kwenye habari za genge kwa sababu karibu yote ninayoyajua kuhusu hela ya hapa nimefundishwa pale, nikiwa nimesimama na kikapu.

Tulikuja tukidhani tumepata nafuu. Mimi huhesabu shilingi moja ya Kenya kuwa ishirini za hapa, kwa urahisi tu, na ukishika msimbazi, ile noti nyekundu ya elfu kumi, mkono unajiona tajiri. Ni mia tano ya kwetu. Siku ya kwanza niliagiza kama mwenye duka, jioni mume wangu akahesabu chenji akanyamaza.

Lakini kilichotupiga si chakula, ni nyumba. Kisumu tulilipa mwezi kwa mwezi, na amana ya mwezi mmoja mwanzoni. Huku mwenye nyumba alitaka miezi sita kwa mkupuo, na dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kwa kutuonyesha mlango. Alituonyesha nyumba mbili. Ya bondeni, yenye bomba uani, 150,000 kwa mwezi. Ya mlimani, vyumba viwili katikati ya mawe, upepo wa ziwa unaingia mpaka jikoni, 80,000. Hela ya kuingia: ya bondeni ilitaka 1,050,000, ya mlimani 560,000. Sisi tulikuwa na laki saba na ushee. Tukachukua upepo.

Dalali hakugusia kwamba mlimani maji yana bei kwa ngazi. Dumu la lita 20 bombani chini ni 100. Likifika kwenye mwembe, nusu ya mlima, ni 300. Mlangoni kwetu ni 500, maana kijana analibeba begani, na kuna mahali anashika jiwe kwa mkono wa pili ili asirudi chini pamoja nalo. Siwezi kumlaumu, mimi mwenyewe nikipanda na kikapu cha mboga napumzika mara mbili. Watu watano, tukijibana, tunatumia madumu sita kwa siku. Hiyo ni elfu tatu, na kwa mwezi 90,000. Maji yamepita kodi! Ukijumlisha na kodi unapata 170,000. Kwa hiyo ile nyumba ya bondeni ilikuwa rahisi, ila kwa mtu aliyekuja na milioni taslimu.

Nililia gengeni, sitaficha. Mama mwenye genge hakunipa pole ndefu. Aliniuliza, "Bati lenu lina mfereji?"

Nikasema halina.

"Basi mnakunywa hela."

Akanielekeza kwa fundi wa kuweka mfereji, akanidhamini pipa la lita 200 kwenye duka la jirani yake, nikalipa kidogo kidogo mpaka likaisha. Miezi ya mvua sasa tunanunua madumu mawili tu kwa siku. Kiangazi tunarudi palepale kwenye sita, lakini angalau kuna miezi ya kupumua. Nyota ya kwanza kati ya zile nne nimempa kwa ajili ya pipa, na sijaanza hata kuzungumzia mboga.

Sasa bidhaa. Ndugu zangu wa Kenya, msidhani Kiswahili kitawavusha. Wiki ya kwanza niliomba ndengu, nikapimiwa dengu. Kwa sikio langu nikaona ni kitu kilekile, tofauti ya lafudhi. Kufika nyumbani nakuta punje nene, rangi ya udongo, zina kidomo kama cha kifaranga. Nikaziteleka hivyohivyo bila kuloweka, saa saba mchana. Saa kumi na moja zilikuwa bado zinagonga sufuria kama kokoto, na mkaa wa siku mbili umekuwa majivu. Usiku ule tulikula ugali na kachumbari, watoto wakaniuliza kama ndivyo watu wa Tanzania wanavyokula. Asubuhi nikashuka na hasira zangu. Alifungua kiroba kingine, akanimwagia kiganjani punje ndogo za kijani.

"Hizi?"

Ndizo.

"Hizi choroko, dada. Useme choroko. Ukisema dengu nitakupa dengu, na dengu zinalala majini."

Tangu hapo naomba kwa kidole kwanza, jina baadaye. Omena ni dagaa, hilo nililijua. Ngege ni sato, mbuta ni sangara, dania ni kotimiri, kredo ni vocha. Ile mifupa ya sangara iliyobaki kiwandani baada ya minofu kusafirishwa, sisi Kisumu tunaiita mgongo wazi. Hapa ni mapanki, na ukiyapata yamekaangwa vizuri jioni unasahau minofu imeenda wapi. Dek, ile mboga chungu ambayo Mjaluo akiikosa wiki mbili anaanza kuwa mkali nyumbani, inaitwa mgagani, na anayo asubuhi tu. Anauza pia michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa vya Kisukuma. Matobolwa wanangu wanayatafuna kama biskuti, na ni nafuu kuliko biskuti. Mchele wake ni wa Kahama, unanukia, sina neno.

Nyota niliyoibana ni ya kikombe.

Dagaa anawapima kwa kikombe cha plastiki cha bluu, shilingi 1,000. Anakijaza mpaka juu panasimama kichuguu, roho yako inatulia. Sasa kigeuze. Kitako kimesukumwa ndani, ukiingiza vidole kwa chini vinazama mpaka kiungo cha pili. Siku moja nilishuka na kikombe changu cha Kisumu, aina ileile, kitako kimenyooka, nikamwomba anihamishie humo. Dagaa walitua, kichuguu na yote, wakaishia vidole viwili chini ya ukingo. Wateja wawili walikuwa wamesimama pale. Nikaona ameona.

"Mama Kenya, kikombe ni hichohicho tangu nifungue genge."

"Basi kilizaliwa kilema, mama."

Alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo, akaniongezea konzi moja. Konzi hiyo ninaipata kila siku mpaka leo, bila kuiomba. Kikombe hakijabadilishwa, na mgeni aliyefika jana haipati. Ndiyo maana nyota haijarudi.

Mtu atasema, si uende Mwaloni? Ninakwenda. Soko la samaki la Mwaloni liko Kirumba, si mbali, na wafanyabiashara wanatoka Kongo, Rwanda na Burundi kufuata magunia ya dagaa pale, kwa hiyo ukiona mtu analia bei ya rejareja ya dagaa Kitangiri unaweza kumcheka. Mara ya mwisho nilinunua sado, kile kikopo kikubwa cha kupimia, kwa 8,000. Nyumbani nikaipima kwa kikombe kama cha bluu: kumi na moja. Gengeni hiyo ingekuwa 11,000. Faida ni elfu tatu, toa bodaboda ya kurudi na mzigo mpaka mwisho wa njia, 1,500, toa nusu siku yako. Halafu uwe na hiyo elfu nane mkononi, Jumanne, tarehe 22, mshahara haujatoka. Siku nyingi sina. Nina elfu moja.

Tena bei ya Mwaloni inakwenda na mwezi, ule wa angani. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Giza likiwa nene wanaifuata taa, wavu unajaa. Mbalamwezi ikitoka hawakusanyiki, boti nyingi zinalala ufukweni, na sado inapanda. Sisi tuliokulia upande wa pili wa ziwa tunalijua hilo tangu utoto. Nilichojifunza hapa ni namna genge linavyolimeza. Kikombe chake ni 1,000 giza na 1,000 mbalamwezi. Kinachopungua ni kichuguu. Nimeshazoea kiasi kwamba naangalia juu ya kikombe najua tarehe za mwezi.

Umeme hauuzi, ila ndiye aliyenisomea risiti ya luku, umeme wa kulipia kabla. Nilikuwa nalalamika kwamba token za kwanza za kila mwezi hunijia pungufu. Akanionyesha mstari wa kodi ya jengo: 1,500 kila mwezi, inakatwa humohumo kwenye luku, na jengo si langu. Akaniambia niandike kila makato nikakate kwenye kodi ya pango ijayo. Mwenye nyumba alinuna, akakubali. Jambo la pili ni la mita. Nyumba inayotumia umeme kidogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, inauziwa kwa bei ya chini sana. Ikizidi hapo, bei ya uniti inaruka zaidi ya mara tatu. Sisi tuko familia tatu kwenye mita moja, na mmoja wetu ana friji la kuuza barafu. Fikiria. Ukitafuta nyumba, kabla ya kuuliza rangi ya sakafu, uliza mita ni ya nani.

Vibali vya ukaazi navyo vina gharama zake, za mfanyakazi na za familia yake. Ziulize Uhamiaji kabla hujauza kabati lako.

Shule ilinitisha kuliko ilivyostahili. Za serikali hazina ada, unalipia sare, madaftari na michango ya chakula, na hizo tunazimudu. Za mchepuo wa Kiingereza tuliuliza bei, tukashukuru, tukaondoka. Shida ni kwamba wanangu walisoma kwa Kiingereza Kisumu, hapa hesabu ni kwa Kiswahili. Mkubwa wangu, bingwa wa hesabu za sehemu, alirudi na sifuri kwa sababu hakujua kiasi ni namba ya juu na asili ni ya chini. Binti wa mama mwenye genge yuko darasa la sita. Jioni wateja wakipungua humchukua mwanangu, wakatumia chaki ileile, jiwe lilelile. Nimewahi kushuka kununua kitunguu nikakuta chini ya "Nyanya fungu 500" kumeandikwa robo tatu kujumlisha nusu, jibu limekosewa, limefutwa kwa kiganja, limeandikwa tena. Hajanitoza hata mia kwa masomo hayo. Mimi namshonea binti yake sare zikichanika.

Mkopo upo, kwa daftari. Nimo humo: "Mama Kenya, nyumba ya juu." Ukifika elfu kumi anafunga ukurasa mpaka ulipe, awe nani. Dawa ya familia mpya ni hiyo, maana kwenye simu huna rekodi na kwa jirani huna uso wa kukopa. Nilipewa mwezi wa pili, baada ya kulipa taslimu wiki tano bila kukosa siku. Sikuomba. Alisema tu, "Leo acha, nitaandika."

Anafungua saa kumi na mbili asubuhi, anafunga saa tatu usiku, Jumapili anachelewa kwa ajili ya ibada. Msalimie kwanza kwa Kisukuma, "Mwangaluka mama," kisha uombe. Ukianza na "nipe" kama nilivyoanza mimi, atakuhudumia, lakini kichuguu hutakiona. Nenda na mfuko wako, nenda na hela ndogo, na dagaa ukinunua kigeuze kikombe mbele yake.

Mgagani hufika saa kumi na mbili na nusu, mafungu kama kumi na tano, na saa mbili hayapo. Ukinikuta pale na umeshika la mwisho, tutagawana.