Uzoefu wangu wa kusafirisha vyakula vya kugandishwa kwa meli: kontena la friji la futi 40

Huduma ninayoitolea maoni hapa ni ya kontena la friji la futi 40 linalokodishwa kupitia wakala wa meli, kutoka ghala la baridi la mtumaji hadi ghala la mpokeaji ng'ambo. Nalitumia kwa samaki na nyama za kugandishwa, na wakati mwingine kwa matunda mabichi. Naipa huduma hii alama za juu, ila kwa anayejua mtambo wake wa kupoza unafanya kazi gani. Lawama nyingi zinazotupiwa kontena za friji zinatokana na kuzidai kazi ambayo hazikuundwa kuifanya.

Kontena la friji haligandishi mzigo. Linatunza baridi ambayo mzigo umekuja nayo. Pakia samaki aliye na nyuzi joto -8 kisha uweke mtambo kwenye -18: hewa itapoa upesi, lakini katikati ya katoni patachukua siku nyingi kushuka, na muda wote huo chembe za barafu ndani ya nyama zinakua na kuipasua. Mpokeaji akija kuyeyusha, maji yanamwagika na nyama inakuwa kama sifongo. Kwa hiyo joto lipimwe katikati ya bidhaa yenyewe kabla ya kupakia, si juu ya katoni. Bidhaa iliyoganda haichomeki kwa sindano ya kipima joto, itobolewe kwanza kwa drili safi, sindano iingie kwenye tundu na isubiriwe mpaka namba zitulie. Chagua katoni za pembeni na za katikati ya paleti, yaani jukwaa la mbao linalobeba katoni. Inayosoma joto la juu kuliko -18 irudi ghalani. Wakala ninayemtumia hupima, huandika na kupiga picha bila kuombwa, na hilo pekee linatosha kumpa nyota zake.

Ukija kwenye upakiaji, ndipo utaalamu unapoonekana. Hewa baridi hutoka chini, inapita kwenye mifereji ya alumini ya sakafuni hadi mlangoni, inapanda, kisha inarudi mtamboni kwa kupitia chini ya dari. Ukutani kuna mstari mwekundu, na mzigo haupaswi kuuvuka hata kwa katoni moja, maana juu yake ndiko njia ya kurudia hewa. Mzigo wa kugandishwa upangwe ukiwa umeshikana bila mianya katikati, kwa kuwa hewa inatakiwa iuzunguke tu na kulizuia joto linalopenya kutoka nje. Matunda na mboga ni kinyume chake: bado yanapumua na yanatoa joto lake yenyewe, hivyo hewa lazima ipite katikati yao. Katoni ziwe na matundu juu na chini, na matundu yapangane kutoka katoni ya chini hadi ya juu. Katoni ikigeuzwa upande, mnara mzima umezibwa.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwa wapakiaji wasiozoea liko mlangoni. Paleti zikiisha kabla ya sakafu kuisha, mifereji inabaki wazi pale mwishoni, na hewa, ambayo siku zote hutafuta njia rahisi, inapandia hapo na kurudi mtamboni bila kugusa mzigo. Dawa yake ni rahisi: kata kadibodi ngumu, funika sehemu yote ya sakafu iliyobaki wazi, ibane isipeperuke. Kontena la futi 40 linabeba paleti 23 za sentimita 80 kwa 120, au 20 hadi 21 za sentimita 100 kwa 120, kwa hiyo panga mapema ujue nafasi gani itabaki.

Watu wengi hudhani ni vizuri kulipoza kontena tupu kabla ya kupakia. Ni vizuri pale tu ghala linapokuwa na mlango unaoungana na kontena bila kuacha mwanya. Kama mnapakia mahali pa wazi, hewa ya nje yenye unyevu itaingia, itakutana na kuta za baridi na kugeuka maji, kisha barafu kwenye koili za mtambo, yaani mabomba yanayopoza hewa. Vilevile mtambo uzimwe wakati milango iko wazi, la sivyo feni zinaivuta hewa hiyo moja kwa moja.

Milango ikishafungwa na sili (lakiri yenye namba) kupigwa, mwombe dereva au mkaguzi picha ya skrini ya mtambo. Angalia alama ya kutoa. Ombi la joto likiandikwa "18" badala ya "-18", mtambo utatii, utapasha joto, na kila mtu atasema amefuata maagizo. Angalia pia kama kipimo ni Selsiasi au Farenhaiti, kwa sababu 0 ya Farenhaiti ni karibu sawa na -18 ya Selsiasi. Tundu la hewa safi lifungwe kabisa kwa mzigo wa kugandishwa. Kwa matunda lifunguliwe kwa kiwango kilichoandikwa kwenye oda, kwa mita za ujazo kwa saa. Ndizi mbichi husafirishwa kwenye nyuzi 13 au 14. Zikipozwa zaidi ya hapo maganda yanakuwa kijivu na haziivi sawasawa. Usizichanganye na mzigo unaotaka baridi kali eti kwa sababu nafasi ipo.

Safari ya baharini yenyewe haijanipa shida. Melini kontena limechomekwa kwenye umeme na mafundi wanalikagua. Hatari iko nchi kavu: barabarani bila jenereta, kwenye foleni ya geti, na kwenye bandari ya kubadilishia meli ambako kontena linaweza kukaa bila plagi. Hapa ndipo mawakala wanapotofautiana. Muulize mapema jenereta inatoka kwa nani, mafuta yanajazwa na nani, na mzigo utabadilishiwa meli wapi. Njia ya moja kwa moja ikipatikana, hata kwa gharama zaidi, mimi huichagua.

Weka virekodi joto vyako mwenyewe, kimoja karibu na mlango na kingine katikati. Mtambo una kumbukumbu zake pia, nawe una haki ya kuomba zipakuliwe. Ukizisoma, usishtuke kuona joto la hewa inayotoka mtamboni likipanda kwa muda mfupi mara kadhaa kwa siku. Mtambo unayeyusha barafu ya koili zake. Mstari unaopanda na kubaki juu kwa saa nyingi, au saa ambazo hazina rekodi yoyote, ndio wa kuhoji.

Kwenye nyaraka, cheti cha afya ya mifugo au cha usafi wa mimea kiwe na namba ileile ya kontena na ya sili iliyo kwenye hati ya shehena. Tarakimu moja ikikosewa kontena linakaa bandarini, na kila siku unalipia nafasi, umeme na usimamizi. Siku za bure, yaani kabla gharama hizo hazijaanza, za kontena la friji kwa kawaida ni chache kuliko za kontena kavu, kwa hiyo ziandikwe kwenye nukuu ya bei kabla hujasaini.

Bima isome neno kwa neno. Baadhi ya bima za vyakula vya kugandishwa hulipa tu mtambo ukisimama kwa saa 24 mfululizo, na kuzimwa kwa saa kumi mara tatu hakuhesabiki. Mzigo ukifika na kasoro isiyoonekana kwa nje, mwandikie msafirishaji notisi ndani ya siku 3. Chini ya kanuni za Hague-Visby, ambazo ni kanuni za kimataifa za usafirishaji wa mizigo baharini, muda wa kushtaki ni mwaka 1.

Ninapoipunguzia alama ni kwa mzigo mdogo. Paleti mbili tatu za kugandishwa ni vigumu kupata wa kushirikiana naye kontena lenye joto lilelile, na ukipata, milango inafunguliwa mara nyingi kuliko ninavyoweza kuvumilia. Kwa kiasi hicho napendekeza usubiri mzigo ujae, au utumie ndege.