Chrony, ntpd au OpenNTPD: ipi ya kushika saa ya faiawoli na seva?

Salaam aleikum ndugu zangu, karibuni. Chrony, ntpd na OpenNTPD ni programu zinazochukua saa sahihi kutoka seva za saa za intaneti. Leo nipo Shela, Lamu, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ya wageni. Rafu hii mnayoiona ina faiawoli, yaani mlinzi wa mtandao, seva ya Linux na UPS, betri ya akiba. Umeme wa huku mnaujua. Ukikatika hadi UPS ikaisha, vyombo visivyo na betri ya saa, kama kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, huamka na saa ya jana. Hapo vyeti vya HTTPS vya tovuti vinaweza kukataliwa, zile namba za siri za sekunde 30 kwenye simu hazikubaliki, na logi (kumbukumbu za matukio) za faiawoli hazilingani na za seva. Mtu akijaribu kuingia usiku, utamfuata kwa saa ipi?

Systemd-timesyncd, programu nyingine ya saa ya Linux, naipita haraka: inauliza saa tu, haigawi kwa wengine. OpenNTPD ya watu wa mfumo wa OpenBSD ni ndogo na salama, naiheshimu. Ntpd ndiyo mkongwe, na mfumo wa faiawoli wa pfSense bado unaitumia. Lakini matoleo yake ya zamani yalikuwa na amri ya monlist, ambayo mwaka 2014 wahalifu waliitumia kufurikisha mitandao ya watu. Tena saa ikipotea zaidi ya sekunde 1000, ntpd inajizima isipokuwa umeiwasha na chaguo la -g.

Kwa mahali kama hapa, mimi nachagua chrony. Imeundwa kwa mtandao unaokatika: inajifunza saa ya mashine inakimbia au inachelewa kiasi gani, inaandika kwenye faili, na intaneti ikiondoka inaendelea kusahihisha. Tazameni skrini, naandika chronyc sources. Ile nyota kando ya jina ndiyo chanzo, yaani seva ya saa, inachokifuata sasa. Alama ya kuuliza ni chanzo kisichojibu au kisichoweza kutumika. Wekeni vyanzo vinne. Vikiwa viwili vikitofautiana, haiwezi kujua mwongo ni yupi.

Sasa sikilizeni hili, maana ndilo linalowatesa watu wengi. Faiawoli yako ikihakiki DNSSEC, yaani saini zinazothibitisha majibu ya majina ya intaneti, na saa imepotea, saini zinaweza kuonekana hazijaanza kutumika au zimekwisha muda. Jina la seva ya saa halipatikani, na bila jina hilo saa hairekebishiki. Imejifungia yenyewe nje! Dawa yake ni kuweka chanzo kimoja kwa anwani ya namba, kwa mfano 162.159.200.1 ya Cloudflare, kisha mstari wa makestep 1.0 3 kwenye faili la mipangilio ya chrony, ili ikiwaka iruke moja kwa moja hadi saa sahihi badala ya kujikokota.

Seva za ndani ziulize faiawoli, kwa mstari wa allow unaoruhusu mtandao wenu wa ndani peke yake. UDP 123, mlango wa maombi ya saa, upande wa intaneti msiifungulie wageni. Ongezeni mstari wa local stratum 10, unaoiruhusu chrony kugawa saa yake yenyewe bila chanzo cha nje, ili intaneti ikikosekana siku nzima, vyombo vyote vya ndani vibaki na saa moja.