Kufufua Benzi 911 hapa Mbeya: fundi pampu nampa alama zote, mpiga rangi hapana

Kama una lori la zamani la dizeli na hela yako ni ya kuungaunga, anzia kwa fundi pampu, yaani fundi wa ile pampu inayosukuma dizeli kwenye injini, mwenye mashine ya kuipimia. Usianze na rangi, wala usikubali injini ifunguliwe kwanza. Nasema hivi baada ya kulihangaikia Benzi 911 boneti fupi la familia, lile lililobeba mbao za Mafinga na mchele wa Kyela enzi za baba mdogo, kisha likaegeshwa nyuma ya nyumba kule Uyole mpaka kuku wakawa wanataga ndani ya kebini.

Injini yake ni OM 352: silinda sita kwa mstari, lita 5.7, nguvu za farasi 110, haina tabo ya kuisukumia hewa ya ziada, haina umeme wa kukusumbua. Mercedes walianza kuzitoa miaka ya 1960 na bado zinafanya kazi. Ya kwetu asubuhi ya baridi ilikuwa inawaka kwa mbinde, ikiwaka inafuka moshi mweupe unaochoma macho. Ikipata moto na kuwekewa mzigo mlimani, moshi unageuka mweusi tii na nguvu hakuna. Mafundi wa barabarani wote walitoa hukumu moja: "Toa hiyo, tufunge ya Fuso." Hakuna hata mmoja aliyekuwa na kifaa cha kupimia chochote. Walisikiliza, wakatikisa kichwa, wakataja bei.

Fundi pampu niliyeelekezwa ana karakana ndogo upande wa Mwanjelwa. Jina silitaji kwa kuwa mwenyewe aliniomba. Kazi alizonazo zinamtosha. Ni mzee mkimya, ana meza safi kuliko meza nyingi za kulia chakula nilizoziona, na ukiingia na viatu vya vumbi anakutazama mpaka urudi nje mwenyewe.

Alianza na nozeli, zile ncha zinazopulizia dizeli ndani ya silinda. Anaifunga moja moja kwenye pampu ya mkono yenye geji, anasukuma taratibu. Nozeli za injini hii zinatakiwa kufunguka kwenye presha ya bar 200 hivi. Nzima inakoroma, krrr, inatoa ukungu mwembamba kutoka kila tundu, na ukiacha kusukuma ncha yake inabaki kavu. Za kwetu baadhi zilifunguka mapema mno na kudondosha matone. "Hii inakojoa, mwanangu," akasema, akaiweka pembeni. Dizeli inayodondoka namna hiyo haiungui vizuri injini ikiwa ya baridi, na huo ndio moshi mweupe niliokuwa nao kila alfajiri.

Pampu yenyewe, Bosch ya mstari, aliipandisha kwenye mashine. Pale mbele kuna vioo sita vya kupimia, kila kimoja kinapokea dizeli ya silinda yake. Hapo huhitaji kuwa fundi: kioo kimoja kimejaa, jirani yake kipo chini, kingine katikati. Injini yangu ilikuwa inalishwa kwa upendeleo. Alibadilisha plunja zilizolika, vile vipistoni vidogo vinavyosukuma dizeli, akasawazisha vioo vyote, akaangalia na gavana inayodhibiti mwendo wa injini.

Halafu akaniuliza lori litafanya kazi wapi. Swali hilo sikuwahi kuulizwa na fundi yeyote. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na tabo inavuta hewa iliyopo tu, lakini pampu haijui kama imepanda mlima. Inamwaga kiasi kilekile. Mafuta yanayokosa hewa yanatoka kama moshi mweusi, na mwenye gari anaongezewa mafuta zaidi akidhani lori limeishiwa nguvu. Mzee alipunguza mafuta kidogo. Nikiteremka nalo pwani nitapoteza nguvu kiasi, sawa, lakini viazi vyangu haviko pwani.

Kufunga pampu nako alikuja mwenyewe. Alitoa valvu ya pampu inayopeleka dizeli silinda ya kwanza, akaweka kibomba kilichopinda kama shingo ya bata, akawa anazungusha krenki, ule mhimili mkuu wa injini, kidogo kidogo huku dizeli ikitiririka. Mtiririko ukawa matone, tone la mwisho likakawia, likakatika. Hapo, ndipo pampu inapoanza kusukuma, akasimama na kutazama alama kwenye puli ya krenki. Alirudia mpaka akaridhika. Ukishaona hivyo, ile habari ya "weka kwa sikio" unaiona ilivyo.

Baada ya hapo ndipo tukapima kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa. Silinda tano zilikaribiana, ya nne ilikuwa chini sana. Sasa kufungua injini kulikuwa na sababu.

Kazi ya kuchonga vyuma vya injini niliipeleka karakana nyingine, nayo naisifu nusu. Kupima wanapima: waliingiza saa ya kupimia silinda juu, kati na chini, wakanionyesha jinsi ya nne ilivyolika zaidi kule juu ringi za pistoni zinakogeukia. Wakaboa zote na kuingiza slivu, yaani kuta mpya za silinda, wakasaga valvu, krenki wakaichonga kwa milimita 0.50. Tatizo ni kwamba waliichonga kabla bearingi zake za kipimo hicho hazijafika. Zilipofika kutoka Kariakoo, boksi liliandikwa 0.50 na mgongoni mwa bearingi zenyewe pamegongwa 0.25. Zikarudi. Lori likalala kwao muda mrefu, na simu hawapigi, unapiga wewe. Bearingi mpya isome mgongoni, boksi ni karatasi tu.

Kufunga walifunga kwa utaratibu: hedi kwa renchi ya kupimia, valvu zikaachwa nafasi ya milimita 0.20 za kuingiza hewa na 0.30 za kutoa moshi, injini ikiwa ya baridi. Walitaka kuacha nje themostati, ile inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate moto, eti "huku kwetu gari zinachemsha". Nilikataa. Kwa baridi ya Uyole mwezi wa saba, injini isiyo na themostati haipati moto wa kutosha, dizeli inaosha oili kwenye kuta za silinda, na slivu mpya zinalika bure.

Mpiga rangi sitamzungumzia sana. Alipaka juu ya kutu, akapuliza mpaka kwenye raba za vioo, na kile kibati chenye namba za chesisi akakizika kwa rangi ya bluu. Nimekisugua na tina mpaka namba zikasomeka. Alama mbili kati ya kumi, na hizo ni za kuwahi kumaliza.

Lori sasa linapanda kutoka Uyole kwenda Isyonje na kushuka na viazi. Linapanda polepole, kama 911 yoyote yenye mzigo, lakini ukitazama kioo cha pembeni unaona barabara nyuma yako. Alfajiri linawaka, linafuka kidogo, linatulia. Kwa bei, pampu na nozeli pamoja zilinigharimu pungufu ya tairi mbili mpya za nyuma. Kuchonga ndiko kulikokula hela.

Usukani bado unacheza na difu, zile gia za ekseli ya nyuma, inalia nikiachia mafuta, hizo nimezisogeza msimu ujao. Ukienda kwa fundi pampu, peleka pampu na nozeli kwa pamoja, ziba midomo yote kwa nailoni safi, safisha tenki lako kabla hajamaliza kazi, na usimwambie una haraka.