Vifaa vya kubeba safarini kwa baiskeli: kipi ununue kwanza

Kiangazi kikishika Dodoma, mbigili hukauka pembezoni mwa njia. Mbegu yake ina miiba migumu inayopenya tairi bila hata kusikika, na ukikuta mmoja tafuta na wenzake. Ukiwa mjini utasukuma baiskeli hadi kwa fundi aliye chini ya mwarobaini, basi. Ukiwa njia ya Kondoa, kijiji kimoja kimebaki nyuma na kingine hakijaonekana, unategemea ulichobeba mkobani.

Vifaa nimevipanga kwa swali moja: kikikosekana, nitarudi kwa miguu? Kile ambacho jibu lake ni ndiyo kimekaa juu, hata kama bei yake ni ya soda. Kile kinachopendeza dukani lakini hakikurudishi nyumbani kimeshuka chini.

Kabla ya kutoa hela, soma baiskeli yako

Anza na valvu. Iliyo nene kama ya gari au pikipiki inaitwa Schrader, na ndiyo iliyo kwenye baiskeli nyingi za milimani. Nyembamba, yenye kichwa kidogo unachokilegeza kwa vidole kabla ya kujaza upepo, ni Presta. Utaiona zaidi kwenye baiskeli za mbio. Ya tatu ni ile ya baiskeli aina ya Phoenix na ndugu zake wa mizigo, yenye nati inayobana kipande cha ndani, na mara nyingi kipande hicho kimevikwa kipira chembamba. Baiskeli za mtumba za mjini kutoka Japani nazo kwa kawaida hutumia hii ya tatu.

Kisha soma ubavu wa tairi. 26 x 1.75 na 26 x 1 3/8 zote watu huziita "ishirini na sita", lakini ringi zake ni tofauti: ya kwanza ni milimita 559, ya pili 590. Phoenix ya 28 x 1 1/2 ni 635. Tairi za 700C na zile za inchi 29 zote ni 622. Namba hiyo ya tarakimu tatu huandikwa baada ya kistari, kwa mfano 47-559, na ndiyo ya kumwonyesha muuzaji. Tyubu huvutika na kusamehe tofauti ndogo, tairi haisamehi.

Niliwahi kununua tyubu kwa kutaja "ishirini na sita" peke yake. Muuzaji alinipa kwa nia njema, nami sikuifungua. Njiani nikakuta valvu yake nene haipiti kwenye tundu la ringi yangu. Nilisukuma baiskeli mpaka jua likazama, tyubu mpya ikiwa mkobani.

1. Pampu

Hapa ndipo fedha iende kwanza. Tyubu na viraka vyote vya dunia havina kazi bila upepo, na msamaria anayekupita na pikipiki anaweza kukupa lifti lakini ni nadra awe na pampu.

Chaguo langu la kwanza ni pampu ndogo ya mkono yenye mpira wa kuunganishia, yaani ule mrija unaotoka na kufungwa kwenye valvu kwa kuzungusha. Pampu inayokaa moja kwa moja juu ya valvu hutikisika kila unaposukuma, na mtikisiko huo huchana tyubu pale shina la valvu lilipounganika, au hupinda kichwa cha Presta. Ukichana hapo, hakuna kiraka kitakachoshika.

La pili ni unene. Pampu fupi na nene husukuma upepo mwingi kwa pigo moja, nayo inafaa tairi pana za vumbi zinazotaka psi 30 au 40 (psi ni kipimo cha presha ya upepo). Pampu nyembamba ni ya tairi za mbio zinazotaka 80 na kuendelea. Hujaza polepole lakini mkono haugomi presha inapopanda. Mwenye tairi pana akinunua nyembamba atapiga mamia ya mapigo juani. Maandishi ya "psi 120" kwenye boksi yasikuvute kama hutaki psi 120.

Mwenye Phoenix asidharau ile pampu ndefu ya kawaida yenye mrija uliofumwa kwa nyuzi. Ni imara, inafunguka, na kipande cha ngozi kilicho ndani kikikauka unakitia tone la oili na inarudi kusukuma kama mpya. Kagua tu mrija kama umepasuka kwenye nati, maana ndipo unapoanza kuvuja.

Dukani, ziba tundu kwa kidole gumba kisha sukuma. Ukiweza kufika mwisho bila upinzani, irudishe.

2. Tyubu ya akiba

Kubadilisha tyubu njiani ni kazi ya dakika chache, na iliyotoboka utaiziba jioni ukiwa umekaa. Kwa safari ya nusu siku beba moja. Kwa safari ya kulala, mbili. Itoe kwenye boksi nyumbani, ijaze upepo, iache usiku kucha, kisha ikunje na kuifunga ndani ya soksi kuukuu au kitambaa. Tyubu inayosuguana na spana kwenye mkoba hutoboka kabla haijaingia kwenye tairi, na hilo utaligundua siku mbaya kuliko zote.

Kwa valvu ya Phoenix, nunua na kipira cha valvu cha akiba. Ni cha bei ndogo mno na huoza kwa joto. Watu wengi hubandua tairi zima wakitafuta tundu ambalo halipo, kumbe upepo unatokea kwenye kipira.

3. Viraka, solusheni na msasa

Mbigili zikikupata mara tatu siku moja, tyubu ya akiba imekwisha na hapa ndipo unapookoka. Viraka vyembamba ukingoni na vinene katikati, kama vya Rema Tip Top ya Ujerumani, hushika vizuri kuliko vipande vya tyubu vilivyokatwa kwa mkasi, ingawa hivyo navyo hufanya kazi mikononi mwa anayejua. Solusheni nunua ya mrija mdogo. Ukishaufungua, huanza kukauka hata ukifunga vizuri, kwa hiyo mirija miwili midogo ni bora kuliko mmoja mkubwa, na mmoja ubaki haujaguswa.

Viraka vingi hubanduka kwa sababu ya haraka. Sugua kwa msasa mpaka mng'ao utoke, paka solusheni kidogo eneo kubwa kuliko kiraka, halafu subiri ikauke mpaka isinate kwenye kidole. Hapo ndipo ubandike na kukandamiza. Anayebandika ikiwa bado majimaji atarudia kazi. Viraka vya kujibandika visivyotaka solusheni vinafaa kukufikisha nyumbani. Sivitegemei zaidi ya hapo.

Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi lote. Kitanaswa na mwiba uliobaki, au na uzi wa chuma wa tairi la lori lililopasuka barabarani, ambao macho hayauoni.

Weka pia kipande cha tairi kuukuu chenye ukubwa wa viganja viwili vya mtoto. Ubavu wa tairi ukichanika, kikae ndani kati ya tairi na tyubu.

4. Liva mbili za kutolea tairi

Za plastiki ngumu. Mpini wa kijiko au bisibisi hufanya kazi, na hutoboa tyubu vilevile.

5. Spana na funguo

Kama magurudumu yako yamefungwa kwa nati, spana ya nati hizo ipande hadi nafasi ya pili, maana bila hiyo gurudumu la nyuma halitoki. Mara nyingi ni ya milimita 15, lakini ijaribu kwenye nati za mbele na nyuma. Spana malaya ndogo, ile ya kurekebisha upana wa mdomo, ni mbadala, ila ikiwa legelege itakula pembe za nati.

Baiskeli ya gia hutaka funguo za pembe sita, ambazo mafundi huziita Allen: namba 4, 5 na 6, pamoja na bisibisi ya msalaba. Mwenye breki za diski aongeze ya nyota, T25. Kifaa kimoja chenye hizo tano kinatosha. Vile vya kazi ishirini ni vizito, na funguo zake fupi hazipati nguvu kwenye bolti iliyokaza.

6. Kiungo cha cheni na kitoa pini

Cheni hukatika mara chache, lakini ikikatika hakuna ujanja. Kiungo cha kuunganishia lazima kilingane na idadi ya gia za nyuma: cha 8 hakifai cheni ya 11. Kwa Phoenix beba kiungo chenye klipu, na ukiifunga, upande uliozibwa wa klipu uelekee cheni inakokwenda.

Vinavyoweza kusubiri

Vikopo vya gesi vya gramu 16 hujaza tairi moja na kwisha, na madukani kwetu si rahisi kuvipata vingine. Dawa ya kuziba matundu ni nzuri kweli dhidi ya mbigili, ila mahali pake ni ndani ya tyubu au tairi kabla ya safari, na kwa joto letu hukauka baada ya miezi kadhaa, kwa hiyo uiongeze.

Mkoba wenyewe si lazima ununuliwe. Mfuko wa turubai uliofungwa chini ya siti kwa kipande cha tyubu kuukuu hautikisiki, na kipande hicho kitakufungia hata kikapu kikilegea.