Tathmini ya binpac8x, skripti inayofungasha programu za TI-83 Plus

Anayeandika programu za kikokotoo cha TI-83 Plus kwa lugha ya C huanza na kompaila ya SDCC (programu inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine), ambayo hutoa faili la Intel HEX, yaani baiti zilizoandikwa kama maandishi, kisha hex2bin huligeuza faili hilo kuwa baiti tupu za prosesa ya Z80. Kikokotoo hakipokei baiti tupu, kinataka faili la 8xp, yaani programu iliyofungashwa pamoja na maelezo yake, na kazi ya kulitengeneza ndiyo inayofanywa na binpac8x, skripti ndogo ya Python.

Naithamini sana, kwa kuwa kazi yenyewe ni fupi lakini haivumilii kosa hata dogo. Faili la 8xp huanza na alama **TI83F*, kisha huja nafasi ya maelezo yenye baiti 42, aina ya kilichomo, jina lisilozidi herufi 8, na programu yenyewe, huku urefu wa data ukirudiwa mahali kadhaa na baiti 2 za mwisho zikibeba jumla ya kuhakikisha kwamba hakuna kilichoharibika. Ukiyaandika haya kwa mkono, kila badiliko la programu linakulazimu kuhesabu upya. Skripti inamaliza yote kwa amri moja.

Hata hivyo, kinachobadilika ni ufungashaji tu, msimbo wenyewe hauguswi. Baiti BB na 6D (kwa heksadesimali), ambazo hukijulisha kikokotoo kwamba hii ni programu ya lugha ya mashine, lazima ziwe zimekwisha kutangulia ndani ya faili la bin linalotoka kwa hex2bin, na msimbo unaozifuata uwe umepangwa kwa anwani 9D95 ya kumbukumbu. Ukikosea anwani, kikokotoo kinaweza kuganda na kumbukumbu ya RAM ikafutika. Ningependa sana skripti ya aina hii izikague baiti hizo mbili kabla ya kuandika chochote, kwani ukaguzi huo ni wa mistari michache.

Wenye TI-84 Plus CE wasidanganywe na kiambishi kilekile cha 8xp. Prosesa yake ni eZ80, baiti za utambulisho ni EF na 7B, na programu hupakiwa kwenye anwani D1A881, kwa hiyo msimbo wa zamani hauwezi kufanya kazi kwa kufungashwa upya. Kwa kikokotoo hicho ninapendekeza convbin, chombo kingine cha kufungasha, ambacho pia hubana programu kubwa, ingawa tangu mwaka 2020 Texas Instruments imeziba njia ya kawaida ya kuendesha programu za lugha ya mashine katika matoleo mapya ya mfumo endeshi wake.