Uzoefu wangu na seti ya chupa za kupimia ritani za injekta: inajibu swali moja, na inalijibu vizuri

Seti hii hupima ritani, yaani mafuta ambayo kila injekta ya dizeli huyarudisha tangini badala ya kuyapuliza kwenye silinda, na inajibu swali moja tu: ni injekta ipi inayopoteza mafuta ambayo yangepaswa kujenga presha ndani ya reli, lile bomba nene la pamoja linalolisha injekta zote? Kwa swali hilo naipa nyota nne kati ya tano. Anayeinunua akidhani itamwambia kila kitu kuhusu msimbo P0087, yaani presha ya reli kuwa chini mno, atabaki na chupa za plastiki na gari lisilowaka.

Sandukuni mna chupa sita zenye mistari ya mililita, mipira inayoonyesha mafuta ndani, viunganishi vya aina nne za vichwa vya ritani, vizibo vichache na kulabu za kutundikia chupa kwenye boneti. Kwa injini ya komoni reli (yenye reli hiyo ya pamoja) na injekta za solenoidi, zinazofunguliwa kwa sumaku ya umeme, hivyo vinatosha.

Kabla ya kuifungua, unganisha skana (kifaa cha kusomea kompyuta ya gari) na usome presha ya reli wakati swichi imewashwa na injini imelala kwa muda. Inatakiwa iwe karibu na sifuri. Ikionyesha makumi ya bar kwenye reli isiyo na presha, anza na sensa na waya zake: volti 5 za kulishia, ethi safi, na mrejesho wa takriban volti 0.5 (kuna mifumo inayoanzia volti 1). Sensa inayodanganya juu huifanya kompyuta ibane mafuta bila sababu, na hakuna chupa itakayokuonyesha hilo.

Kisha piga stata ukitazama presha. Injini nyingi zinahitaji kama bar 200 hivi ndipo kompyuta iruhusu injekta kufunguka. Watengenezaji wengine wameweka kiwango chini kidogo au juu kidogo, kwa hiyo angalia takwimu za injini yako. Betri iliyochoka inayozungusha injini polepole inaweza kukupa dalili zilezile za pampu mbovu. Angalia hilo mapema, ni kazi ya dakika moja.

Upande wa presha ya chini, kutoka tangini hadi kwenye pampu, ndio watu huruka, na ndipo seti hii inapoweza kukupotosha. Filta ikiziba au bomba likivuta hewa, presha ya reli inashuka, injekta nazo zinavuja kidogo kwa sababu hazisukumwi. Chupa zitaonekana nzuri zote, na wewe utahukumu pampu. Funga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya pampu na utafute mapovu. Kama kuna pampu ya umeme tangini, geji kwa kawaida husoma bar 3 hadi 5. Kama pampu kubwa, ile inayojaza reli, ndiyo inayojivutia mafuta yenyewe, tumia geji ya utupu. Ikivuta zaidi ya bar 0.3 hivi, mafuta yanazuiwa njiani. Gari linalowaka vizuri halafu linakosa nguvu mlimani mara nyingi tatizo lake liko huku, si kwenye injekta.

Sasa chupa. Pasha injini moto kwanza, maana mafuta ya baridi ni mazito na huficha uvujaji. Zima, subiri presha ishuke, futa vumbi kuzunguka kila kichwa cha ritani, kisha chomoa. Tawi la ritani lililobaki wazi lizibe, lakini ziba tawi la injekta peke yake. Ukiziba ritani ya pampu, presha inajaa ndani ya pampu na sili inaweza kutoka.

Jambo ambalo karatasi ya maelezo haisemi: jaza mipira yote mafuta kabla ya kuanza kuhesabu. Mpira wa sentimita 50 wenye tundu la milimita 3 unameza karibu mililita 3.5. Kama chupa nyingine zinapokea mililita 10, hiyo ni tofauti ya theluthi nzima na unaweza kuilaani injekta isiyo na kosa. Tumia mipira ya urefu sawa, na tundika chupa kimo kimoja.

Iache injini ingurume bila kukanyaga mafuta kwa dakika 2 au 3, soma, mwaga, kisha rudia kwenye mizunguko 2000 hivi kwa dakika. Simamisha chupa ya kwanza ikikaribia kujaa. Mimi sitazami sana kiasi chenyewe, natazama tofauti. Chupa zikiwa na 25, 28, 26 na 80, huhitaji kitabu. Inayozidi wenzake mara mbili ni mshukiwa. Zote zikiwa juu kwa pamoja, linganisha na takwimu za mtengenezaji, kwani injekta zilizochakaa pamoja hazina mwenzao mzima wa kuwasuta.

Kama gari haliwaki kabisa, chomoa plagi za umeme za injekta swichi ikiwa imezimwa, kisha piga stata sekunde 10 hadi 15. Injekta ya solenoidi iliyo nzima hurudisha kitu kidogo sana hapo. Inayomimina ndiyo inayoua presha. Ukimaliza futa misimbo, kompyuta itakuwa imelalamika kuhusu plagi ulizochomoa.

Hapa ndipo nyota ya tano inapotea. Ili kuthibitisha, unataka kuiziba njia ya injekta hiyo kwenye reli na kuona kama presha inapanda. Vizibo hivyo vya chuma, kwa kawaida vya uzi wa M12x1.5 au M14x1.5, havimo kwenye seti. Vinunue kando, vya kazi ya presha kubwa, si boliti yoyote iliyookotwa. Mistari ya chupa nayo hufutika kwa dizeli, na oringi (pete za mpira) za viunganishi huanza kutoa jasho. Weka nyingine akiba.

Injekta za piezo, zinazofunguliwa na fuwele zinazotanuka zikipata umeme badala ya sumaku, ni habari nyingine. Aina nyingi huhitaji presha kwenye ritani, karibu bar 10 kwa baadhi ya mifumo, ili zifanye kazi. Ukizifungulia kwenye chupa wazi hazitafanya kazi sawasawa na majibu hayana maana. Na usichomoe plagi ya piezo injini ikiwa inaunguruma. Injekta inaweza kubaki wazi na kumimina mafuta kwenye silinda.

Chupa zikiwa sawa na presha bado haipandi, endelea kwenye vali ya usalama ya reli: toa ritani yake upige stata, isidondoke kitu. Halafu vali ya kudhibiti mafuta yanayoingia pampu. Ikiganda, presha hupanda na kushuka bila kutulia na injini huhema. Jua kwanza kama vali yako hubaki wazi au hufunga ikikosa umeme, kwa maana zipo za aina zote mbili, na jaribio la kuchomoa plagi yake huleta matokeo kinyume. Pampu iwe ya mwisho, isipokuwa ukikuta unga wa chuma ndani ya filta. Hapo kubadilisha pampu peke yake ni kutupa pesa: unga umeshafika kwenye reli na injekta.

Kwa P0088, presha kuzidi, iache seti sandukuni.

Wale waliozoea dizeli za zamani, kulegeza nati ya bomba la injekta injini ikiunguruma ili kusikia silinda ipi imekufa ni marufuku hapa. Presha ya zaidi ya bar 1000 hupenyeza mafuta chini ya ngozi kupitia tundu usiloliona. Jeraha la namna hiyo ni la kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama haliumi.